Koki ya Chini Isiguswe: Tahadhari kwa Wakaao Ghorofani Kabla ya Baridi

Anayekaa kwenye jengo la ghorofa linalopashwa joto kwa maji ya moto, awe Hamburg, Birmingham au Minneapolis, asome haya kabla boila haijawashwa. Msimu unafunguka Oktoba. Baridi ya kweli ikishapiga wiki moja, katika jengo hilo atatokea mtu ambaye rejeta yake ya ukutani haishiki moto. Atatafuta spana, atapiga goti, atang'oa kifuniko kidogo cha plastiki kilicho chini ya rejeta, upande wa pili na ule wa themostati, na koki iliyojificha humo ataifungua hadi mwisho. Atapata joto kidogo. Jirani yake wa juu atapoteza joto jingi. Na jirani huyo naye ana spana.

Baada ya majuma machache jengo zima limevurugika na hakuna anayejua aliyeanza. Ushauri wenyewe hutembea kwenye makundi ya WhatsApp, tena kwa nia njema: “Jamani, fungueni ile ya chini, mimi nimepona.” Amepona kweli. Asichokiona ni nani ameugua kwa niaba yake.

Basi nianze na katazo, sababu zifuate. Usiifungue koki ya chini ya rejeta katika jengo ambalo boila ni ya watu wote. Usiving'oe vichwa vya themostati ili maji yapite bila kipimo. Na chumba kikiwa baridi, usiingize jiko la mkaa ndani wala usiwashe oveni ya gesi ukaiacha mlango wazi. Hilo la mwisho linaua, na nitalirudia kwa kirefu, kwa sababu wanaolifanya mara nyingi ndio hao hao walioporwa maji na majirani wasiojua kwamba wamepora.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Boila iko chini, mara nyingi kwenye chumba cha ardhini. Pampu inasukuma maji ya moto yapande kwa bomba la kwendea, yaingie kwenye rejeta moja moja, yaache joto humo, kisha yateremke kwa bomba la kurudia yakapashwe upya. Maji hayo hayajui nani ana mtoto mchanga wala nani anaumwa mifupa. Yanafuata njia nyepesi. Rejeta zilizo karibu na pampu zina njia fupi, kwa hiyo maji yanazipitia kwa mbio na kurudi yakiwa bado moto, na yale ya kufika ghorofa ya mwisho yanabaki kidogo. Aliyekulia Uchaggani anaifahamu habari hii kutoka kwenye mfongo: mwenye shamba karibu na mdomo wa mfereji akiachiwa afungue atakavyo, wa bondeni atamwagilia vumbi, na ndiyo maana mfongo una zamu na una wazee wa kuzisimamia. Katika jengo la ghorofa, zamu hiyo imefungiwa ndani ya koki ya chini. Fundi aliyeisawazisha aliibana kwa walio karibu na kuiachia wazi kwa walio mbali, kwa makusudi. Haikubanwa kwa kusahau.

Zipo takwimu ambazo zingewatuliza wengi kama zingejulikana. Rejeta ya wati 1,000, maji yakiingia na nyuzi 70 na kutoka na nyuzi 50, inahitaji lita 43 tu kwa saa. Chupa ya nusu lita ingejaa kwa sekunde arobaini na kitu. Ukiifungulia maji mara mbili ya hayo, hupati joto mara mbili. Unaongeza asilimia 10 hadi 15 hivi, kwa kuwa maji yanapita haraka mno kuweza kuacha kitu. Ukiipunguzia hadi nusu, bado inatoa kama asilimia 80 ya joto lake. Maana yake aliyezidishiwa hafaidi sana, na aliyepunguziwa kidogo haumii sana. Anayeumia ni yule wa mwisho wa bomba, ambaye wenzake wote wamejiongezea kidogo kidogo na yeye kabakiziwa mabaki. Kwa hiyo fundi anaweza kubana rejeta za chini bila wenyewe kuhisi tofauti, akaokoa wa juu. Nayo kinyume chake ni kweli: watu wanne wakifungua koki zao bila faida yoyote ya maana kwao, wa tano anaganda.

Malalamiko yanapomfikia msimamizi wa jengo, mara nyingi naye hukimbilia tiba mbaya. Kwanza anaongeza kasi ya pampu. Hesabu ya pampu ni kali: kutaka maji yapite mara mbili kunadai umeme kama mara nane, na ziada hiyo inakwenda kule kule kwenye njia nyepesi. Ghorofa ya chini joto linazidi, themostati zake zinaanza kuzomea kama sufuria inayotokota kwa msukumo uliozidi, na wa juu anaongezewa kiasi asichokihisi. Tiba ya pili ni kupandisha joto la boila. Hii huonekana kufanya kazi, na ndiyo hatari yake. Boila za kisasa za gesi zimetengenezwa zinase hata joto lililomo kwenye mvuke wa moshi, lakini haziwezi kufanya hivyo mpaka maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Maji yakirudi na 65 kwa sababu yamepita mbio ghorofa ya chini, boila uliyoinunua kwa bei ya kubana matumizi inakula gesi kama ya zamani. Penye pampu ya joto badala ya boila, kila nyuzi moja unayopandisha inakugharimu asilimia mbili au zaidi ya umeme.

Na bili haimwendei mwenye kosa peke yake. Ujerumani, kwa mfano, kanuni inataka kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama ya joto igawanywe kwa mita za kila makazi, na inayobaki igawanywe, mara nyingi kwa ukubwa wa makazi. Aliye chini akifungua dirisha Januari kwa sababu anapikika, sehemu ya joto analolitupa nje unamlipia wewe uliyejifunika mablanketi.

Nimelishuhudia hilo kwa macho katika jengo la ghorofa tano. Chini, mzee mmoja alitufungulia mlango akiwa na singlendi, dirisha la sebuleni likiwa wazi na theluji iko kizingitini. “Hapa kwangu hakuna shida, mwanangu,” akasema. Themostati yake haikuwa na kichwa. Alikitoa mwaka uliopita akakiweka kabatini. Juu kabisa, mama mmoja wa Kigoma alikuwa amewavalisha watoto makoti ndani ya nyumba. Bomba la kwendea la rejeta yake lilikuwa vuguvugu kwa mkono, la kurudia lilikuwa baridi kabisa. Jikoni mlango wa oveni ulikuwa wazi, moto wa bluu unawaka, na kioo cha dirisha kinatiririka maji.

“Mama, hiyo oveni imewaka tangu saa ngapi?”

“Tangu watoto warudi shuleni, kaka. Si ndiyo hita yetu hiyo.”

Alikuwa na maumivu ya kichwa na alidhani ni mafua. Tuliizima, tukafungua madirisha, tukawatoa watoto ukumbini, na ndipo mengine yakafuata. Kichwa cha themostati cha yule mzee wa chini kilirudishwa mahali pake siku hiyo hiyo.

Hapa lazima nikae kidogo. Moto wowote wa mkaa, gesi au mafuta ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua huku mwili ukikosa hewa. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, halafu usingizi. Sisi hatuwezi kusema hatujui. Kila msimu wa baridi nyanda za juu, Limuru na Nyandarua, Njombe na Makete, hatukosi kusikia habari za waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Tofauti ni kwamba nyumba ya Njombe ina upenyo kwenye dari na chini ya mlango. Nyumba mpya ya Ulaya au Marekani imezibwa kwa mpira kila dirisha, ili joto lisitoke. Kwa hiyo na sumu haitoki. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas katika dhoruba ya baridi, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani na kuwasha jenereta na magari gerejini. Zaidi ya 1,400 walitafuta matibabu kwa sumu hii ndani ya siku chache, na wengine hawakuwahi kufika hospitali.

Kile kidude cha kutambua kaboni monoksidi kinauzwa kwa bei ya mlo wa familia hotelini. Ukimudu kitu kimoja tu msimu huu, nunua hicho. Kikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja ndani ya nyumba na kupata nafuu wakitoka nje, tokeni wote, pigeni 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, na msirudi kuchukua simu wala koti.

Hita ya umeme haina sumu hiyo, lakini ina yake. Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la ghorofa 19 huko Bronx, New York, lijulikanalo kama Twin Parks North West, hita ya umeme iliyokuwa imewashwa kwa siku kadhaa mfululizo ilileta moto. Walikufa watu 17, wanane kati yao watoto, wengi wakiwa wa familia zenye asili ya Gambia. Wote waliuawa na moshi, uliopanda ngazi kwa sababu milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe haikujifunga. Zimamoto walisema joto la jengo lilikuwepo na hita ilikuwa ya kuongezea tu. Sisemi mgawo wa maji ndio ulioleta msiba ule. Nasema hita ya kuongezea, katika jengo lenye mfumo wake wa joto, ni dalili ambayo msimamizi anapaswa kuiogopa. Ukilazimika kuitumia, ichomeke moja kwa moja ukutani, usiipitishe kwenye waya wa kuongezea. Iwe mita moja mbali na kitanda, pazia na sofa. Na usilale ikiwaka. Ukikimbia moto, funga mlango nyuma yako.

Kuna dhara la tatu linalokuja polepole. Chumba kisichopata joto hukusanya unyevu ukutani, na unyevu huzaa ukungu mweusi kwenye pembe na nyuma ya kabati. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018, linapendekeza ndani kusiwe chini ya nyuzi 18. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili mwenye wazazi waliotoka Sudan, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale, Uingereza, na uchunguzi wa kifo chake ukathibitisha kwamba ukungu wa nyumbani ndio uliomwua. Wazazi walikuwa wamelalamika. Wasiambiwe wapangaji wengine kwamba ukungu ni kwa sababu “mnapika sana.”

Sasa, kabla hujamwita mtu, tumia mkono. Rejeta ina namna yake ya kusema inachoumwa, na si kila ubaridi unatokana na mgawo mbaya. Washa themostati hadi mwisho, subiri nusu saa, kisha shika bomba mbili zinazoingia, halafu pitisha kiganja juu, katikati na chini.

Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, kuna hewa iliyonaswa. Ikiwa juu ni moto na sehemu ya chini katikati ni baridi, ndani kumetuama tope jeusi la kutu. Ikiwa bomba la kwendea ni moto mpaka kwenye koki ya themostati lakini rejeta yote ni baridi, mara nyingi pini ndogo iliyo chini ya kichwa cha themostati imenata baada ya kukaa imefungwa kiangazi chote; fundi huinasua kwa dakika moja, na dawa yake ni kuacha themostati wazi kabisa msimu wa joto. Ikiwa bomba la kwendea lenyewe ni vuguvugu tu wakati la jirani wa chini haligusiki kwa moto, au rejeta yako hupata joto usiku wa manane wenzako wakiwa wamepunguza zao, hapo ndipo penye mgawo mbaya.

Angalia pia kama themostati imefunikwa na pazia zito au mgongo wa sofa. Inapima hewa iliyoizunguka. Ikizingirwa na joto la nyuma ya pazia inadhani chumba kizima kimepata, inafunga. Na wengi hawajui kwamba namba 3 ni ahadi ya nyuzi kama 20 chumbani. Kuweka 5 hakuharakishi chochote: saa 12 asubuhi, koki iliyo wazi kwa 3 katika chumba baridi imefunguka karibu sawa na ya 5. Kinachotokea ni kwamba chumba kikifika 20 koki haifungi, inaendelea kunywa maji ambayo yangekwenda juu.

Kutoa hewa ni jambo la halali kwa mpangaji kwingi, kwa kile kifunguo kidogo cha mraba, mradi boila au pampu imepumzishwa na una kitambaa na bakuli, kwa kuwa maji yanaweza kuwa na nyuzi 70. Lakini sikiliza: ukilazimika kutoa hewa kila wiki, acha, toa taarifa. Kila unapotoa, shinikizo linashuka, na mtu chini anaongeza maji mapya ya bomba. Maji mapya yana oksijeni. Oksijeni inakula chuma, kutu inakuwa tope, tope linaziba rejeta za chini na kuua pampu. Maji ya mfumo huu yanapaswa kuzunguka yale yale kwa miaka. Yakipungua kila mara, ama bomba linavuja mahali, ama tangi la kupanukia limeishiwa hewa yake. Nyumba ya familia moja huonyesha bari 1 hadi 1.5 kwenye geji ikiwa baridi; jengo refu huhitaji zaidi, bari moja kwa kila mita 10 za kimo na nyongeza kidogo, la sivyo maji hayafiki juu hata pampu ikiwa mpya. Mwenye kulaumu mgawo kabla ya kusoma geji anapoteza siku.

Walioko New York, Chicago na miji mingine ya zamani ya Marekani, hapa nawasimamisha. Ikiwa rejeta yako ni ya chuma cha kusubu, imeingiwa na bomba moja tu, na ubavuni ina kikebe kinachopumua na kupiga mluzi, hiyo haipitishi maji. Hiyo ni ya mvuke. Kanuni zake ni nyingine kabisa: koki yake ama iwe wazi yote au ifungwe yote, kamwe isiwe nusu, maana maji yatanaswa ndani na bomba litapiga kama nyundo usiku kucha, na mvuke unaovuja unachoma kuliko maji ya moto. Usiyatumie yaliyoandikwa hapa juu ya koki ya chini kwa rejeta hiyo.

Mwenye nyumba yake peke yake, yenye boila yake mwenyewe, huyo mambo ni tofauti. Koki za chini ni zake, na anaweza kusawazisha kwa siku moja ya Jumamosi akiwa na subira na kipimajoto cha kubana kwenye bomba. Themostati zote na koki zote za chini zifunguliwe, mfumo uwe umepoa, kisha boila iwashwe na aandike rejeta ipi imepata moto kwanza, ipi ya pili, hadi ya mwisho. Ya kwanza aifunge koki ya chini, halafu aifungue robo ya mzunguko. Zinazofuata azifungue zaidi kidogo kidogo. Ya mwisho aiache wazi. Kisha apime tofauti ya bomba mbili za kila rejeta: kwa boila mpya ya gesi tofauti ya nyuzi 20 hivi ni nzuri, na muhimu kuliko namba yenyewe ni rejeta zote zikaribiane. Asiwe na haraka. Ukigusa moja zote hubadilika, kwa hiyo asubiri kabla ya kupima tena. Mwenye pampu ya joto asifanye hivyo kwa kubana bana, kwa sababu mashine hiyo inataka maji mengi yapite muda wote na tofauti ya nyuzi 5 hadi 7 tu. Huyo amwite fundi aliyeifunga. Na koki zilizopakwa rangi mara tatu na hazijageuzwa miaka ishirini ziogope: shingo yake huvuja ikishaguswa, na aliye chini yako ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.

Katika jengo la wapangaji wengi kazi hiyo haifanywi kwa spana peke yake. Fundi hupiga hesabu ya kila chumba, kinapoteza joto kiasi gani kwa ukuta, dirisha na dari, kisha huweka kila koki kwenye namba yake, na chini ya kila bomba la kupanda huweka koki kubwa ya kusawazisha au kidhibiti cha msukumo. Mwisho, na hili ndilo linaloonyesha kama imefanywa vizuri, pampu hupunguzwa na joto la boila hushushwa. Msimamizi akikuambia wamesawazisha lakini pampu iko kasi ile ile ya mwisho, muulize wamesawazisha nini.

Sheria mahali pengi ziko upande wako kuliko unavyodhani. Bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022, Ujerumani ilitoa kanuni iliyolazimisha majengo yanayotumia gesi kwa boila ya pamoja kusawazishwa: yenye makazi 10 au zaidi kabla ya mwisho wa Septemba 2023, yenye 6 au zaidi kabla ya katikati ya Septemba 2024. Kazi hiyo kwa Kijerumani ni hydraulischer Abgleich, na una haki ya kuuliza kama ilifanyika kwenu. New York, kati ya 1 Oktoba na 31 Mei, nje kukiwa chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, mwenye nyumba lazima akupe 68, yaani 20 zetu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku 62 hata nje kukiwaje. Asipotoa, piga 311. Uingereza, Sheria ya Awaab iliyoanza kutumika 27 Oktoba 2025 inawabana wenye nyumba za kijamii: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu na ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi.

Lakini malalamiko ya “kwangu baridi” hujibiwa kwa kupandisha boila, na tumekwisha kuona mwisho wake. Andika kwa namna ambayo haiwezi kujibiwa hivyo. Weka kipimajoto katikati ya chumba, mbali na dirisha, uandike tarehe, saa na nyuzi kwa siku chache, asubuhi na usiku. Andika bomba la kwendea likoje na la kurudia likoje. Muulize jirani wa chini na wa juu wafanye vivyo hivyo, msaini pamoja. Karatasi moja inayoonyesha 25 ghorofa ya kwanza na 15 ya tano, saa ile ile, haimwachii msimamizi nafasi ya kusema boila ni dhaifu. Joto lipo. Limegawanywa vibaya, na mwombe kwa maandishi asawazishe mfumo, asiongeze pampu.

Aliyekwisha kuifungua koki ya chini mwaka jana asijaribu kuirudisha kwa kukisia. Aseme ni rejeta ipi, bila woga. Fundi hupendelea kuambiwa kuliko kutafuta. Na aseme sasa, kwa sababu Septemba mafundi wana nafasi, na Desemba utangojea kwenye foleni ukiwa na koti. Siku ya kazi, themostati zote zinatakiwa ziwe wazi na kila mlango ufunguke; nyumba moja iliyofungwa inaharibu vipimo vya bomba zima. Fundi akigonga, mfungulie hata kama kwako hakuna shida, kwa maana walio na joto la kuzidi ndio atakaoanza nao.